Naomba ushauri: ufukwe wa kwenda na watoto Zanzibar

Habari zenu ndugu zangu. Desemba tunatoka Dodoma kwenda Unguja siku 4: mimi, mke wangu, mama mkwe (magoti yanamsumbua) na watoto wawili, wa miaka 3 na 7.

Mwaka jana tulifikia Jambiani. Pazuri, ila hatukujua habari za kupwa na kujaa. Ilikuwa bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida), tukiamka bahari imeshakimbilia kule kwenye mwamba, zimebaki kamba za mwani na madimbwi ya maji moto. Mkubwa akakanyaga mdudu wa miiba myeusi, tukashinda na papai bichi na kibano. Bibi yake mpaka leo anatusema.

Nimeulizia, wengi wananielekeza kaskazini, Nungwi na Kendwa, kwa kuwa maji hayaendi mbali. Paje nimeifuta, zile kamba za tiara za wanaoteleza majini kwa upepo sizitaki karibu na watoto.

Sasa, kwa waliofika na watoto wadogo: kati ya Kendwa na Nungwi, wapi maji yanaanza taratibu bila kuzama ghafla? Na kaskazi ikivuma Desemba, mawimbi yanakuwaje upande huo?