Tangazo la kifo gazetini: koma, mabano, nukta mkato au kila jina na mstari wake?

Mjukuu_wa_Umoja
Hamjambo wanajukwaa. Nyanya yetu ametuacha, na familia imenikabidhi kazi ya kuandika tangazo. Linatakiwa kesho kabla ya saa sita. Shida ni orodha ya watoto: kila mmoja ana maelezo yake, huyu ameolewa, yule yuko nje, na mmoja alitangulia. Nimeiandika kwa koma, nikaiandika kwa mabano, nikajaribu kushuka mstari kwa kila jina. Binamu yangu anasema nukta mkato ndiyo dawa. Niende na lipi?

Nyakio_Kinoo
Poleni sana kwa msiba, Mungu awatie nguvu. Lakini ndugu, hujasema tangazo ni la wapi. Gazeti, redio ama kile kijitabu cha ibada? Ni Kiswahili? Watoto wangapi? Weka orodha yenyewe tuione.

Mwalimu_Kayole
Poleni. Binamu yako yuko sawa. Vitu kwenye orodha vikiwa na vipumuo, yaani koma, ndani yake, kipumuo hakiwezi tena kutenganisha kitu na kitu. Hapo ndipo nukta mkato inaingia. Fungua Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 10(2), panapotajwa maadili ya kitaifa. Kipengele cha (a) peke yake kina uzalendo, umoja wa kitaifa, utawala wa sheria, demokrasia na mengine, vyote kwa vipumuo. Kisha inakuja nukta mkato, ndipo (b) inaanza na utu na usawa. Bila alama hiyo hungejua kundi moja linaishia wapi.

Mpanga_Kurasa
Mwalimu, heshima zako, lakini gazeti si daftari. Nimepanga kurasa miaka mingi hapa River Road. Herufi zikipunguzwa ili tangazo lienee, na karatasi ile inavyonyonya wino, nukta ya juu inapotea au inagandana na mkia wake, na msomaji anaona koma tu. Mimi nasema kila mtoto na mstari wake. Macho yanashuka, hakuna kukosea.

Nyakio_Kinoo
Na nafasi? Tangazo linalipiwa kwa sentimita za safu. Watoto wakiwa wengi, hiyo mistari ni pesa.

Mjukuu_wa_Umoja
Samahani, simu haziishi hapa. Ni gazeti, na maneno hayohayo yatasomwa redioni jioni. Kiswahili. Watoto ni 6. Kwa sasa iko hivi:

"Mama yao Wambui na Njoroge wa Thika, Kariuki, mwalimu, Nyeri, marehemu Muthoni, Wairimu, muuguzi, Dallas, Maina na Atieno wa Rongai, na Ciku."

Shangazi_Rongai
Kijana, usipeleke hiyo. Nakuomba.

Babu yetu alipofariki, tangazo liliandikwa na mtu aliyelipwa kuliandika. Orodha yake ilikuwa ya koma tupu, na katikati ilisomeka hivi: "Ruth, marehemu, Esther, Eldoret, Samuel". Ruth ndiye aliyekuwa ametangulia. Esther ni dada yangu, yuko hai hadi leo. Siku gazeti lilipotoka, kina mama wa kanisa lake walifika kwake na sukari na majani chai, wakamkuta anaanika nguo. Hilo tungelistahimili. Lakini kitindamimba wake alikuwa shule ya bweni. Mwalimu mmoja aliona gazeti, akamwita mtoto ofisini, akampa pole kwa kufiwa na babu na mama kwa wakati mmoja. Mtoto hakunyamaza mpaka alipoisikia sauti ya mama yake kwenye simu. Esther hakuzungumza na yule mwandishi tena, na mimi simlaumu.

Kwako naona hatari ileile. "Marehemu Muthoni, Wairimu": mgeni atajuaje kwamba Wairimu yuko hai? Na Maina na Atieno ni mtu na mkewe ama ni ndugu?

Mwalimu_Kayole
Pole sana, dada. Mjukuu, jaribu hivi:

"Mama yao: Wambui, mke wa Njoroge, Thika; Kariuki, mwalimu, Nyeri; marehemu Muthoni; Wairimu, muuguzi, Dallas; Maina, mume wa Atieno, Rongai; na Ciku."

Nukta pacha inafungua orodha. Ukishaanza na nukta mkato, endelea nayo hadi mwisho, hata kwa jina lisilo na maelezo kama la Muthoni. Sasa hesabu: watu 6, hakuna wa saba.

Msanidi_254
Mabano ni mafupi zaidi: Wambui (Thika), Kariuki (Nyeri). Na hiyo nukta mkato kabla ya "na Ciku" ni ya nini? Neno "na" linatosha.

Mwalimu_Kayole
Halitoshi. Ukiiondoa, mtu anaweza kusoma kwamba Maina ni mume wa Atieno wa Rongai na Ciku. Hapo umempa wake wawili.

Wakili_Mchanga
Alama hizi zina gharama. Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria ilitaja kwa koma kazi ambazo hazikulipiwa saa za ziada, na mwishoni, bila koma kabla ya "au", ikasema "kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza". Madereva wa kampuni ya maziwa wakasema wao wanasambaza, hawafungashi. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaona maneno yale yana utata, ikawapa ushindi. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Orodha ile iliandikwa upya, safari hii kwa nukta mkato.

Sauti_ya_Jioni
Nimesoma matangazo ya vifo redioni. Mabano hayasikiki. Kila mstari na jina lake ni sawa, ila karatasi zinazotufikia huwa zimeshabanwa kuwa aya moja. Nikiona nukta mkato najua hapo natua, navuta pumzi, naanza mtu mwingine. Koma zikiwa nyingi nakimbia, na familia inalalamika.

Mpanga_Kurasa
Redioni nakubali. Kwa gazeti bado nasema mistari, au basi herufi zisipunguzwe. Mwambie wa gazeti akutumie ukurasa uuone kabla haujachapwa. Kuza picha uangalie kila nukta.

Nyakio_Kinoo
Mbona Ciku hana mahali? Wenzake wote walio hai wametajiwa kwao.

Mjukuu_wa_Umoja
Ciku alikuwa akiishi na nyanya. Ndiye aliyemuuguza.

Shangazi_Rongai
Basi liandikwe hilo! "Ciku, aliyemtunza." Ni maneno mawili tu.

Mjukuu_wa_Umoja
Asanteni. Nimechukua ya Mwalimu, lakini mjomba amepiga simu sasa hivi. Hataki wakwe watajwe, anasema ni watoto wa damu pekee. Atieno ameketi hapa sebuleni anapanga viti vya wageni.

Wakili_Mchanga
Wakwe wakiondolewa, orodha inabaki majina, kazi na miji. Bado nukta mkato inahitajika.

Shangazi_Rongai
Wakili, hilo si la alama tena. Mwambie mjomba aje azungumze na Atieno mwenyewe.

Nyakio_Kinoo
Na wajukuu mmewaweka wapi?