Ushauri: tunataka kuandika maisha ya babu yetu, askari wa Keya, angali anazungumza

Mjukuu_Malindi

Assalaam alaikum wanajamvi. Babu yetu hapa Malindi ana umri wa miaka 102. Alikuwa Keya, yaani askari wa jeshi la Waingereza hapa Afrika Mashariki, katika vita vikuu vya pili, akafika Burma (Myanmar ya leo), akarudi, akaoa na kulea watoto tisa. Asubuhi akili yake i timamu. Alasiri huchoka na kuchanganya majina. Masikio mazito, la kulia afadhali kidogo. Tunataka kuyaandika maisha yake, wajukuu na vitukuu wayapate kwa kauli yake mwenyewe.

Vitu tulivyo navyo: cheti cha kutolewa jeshini, kimekunjwa mara nne na kinaanza kukatika kwenye mikunjo, medali tatu zenye utepe uliochakaa, picha ya askari sita iliyogandia kwenye kioo cha fremu, na daftari la marehemu bibi, tarehe za kuzaliwa watoto kwa herufi za Kiarabu. Ami mmoja anataka cheti kipigwe laminesheni, mwingine anataka medali zisuguliwe zing'ae kwa picha ya familia. Tuanzie wapi? Na mzee tumuulize vipi?

Karani_wa_Makaratasi

Waalaikum salaam. Kwanza wazuieni hao ami wawili, kwa adabu lakini leo hii.

Laminesheni huyeyusha plastiki kwa moto na kuigandisha kwenye karatasi, na haitoki tena. Karatasi ya wakati wa vita ni dhaifu, wino wake unaweza kufifia kwa joto hilo. Selotepu nayo msiiguse: gundi yake hugeuka manjano, hupenya karatasi, na maandishi ya chini yake hupotea.

Cheti kifunueni polepole juu ya meza kavu, mikono imeoshwa na kukaushwa. Mkunjo ukikataa, msiulazimishe. Kipigeni picha pande zote mbili kando ya dirisha, kwenye kivuli, bila taa ya simu, simu ikiwa sambamba na karatasi. Kisha kiwekeni kimenyooka katikati ya karatasi mbili nyeupe ndani ya jalada gumu. Msikikunje tena.

Picha iliyogandia kioo msiibandue. Tabaka lenye sura hubaki kwenye kioo, nanyi mkabaki na karatasi tupu. Ipigeni hapo hapo kupitia kioo, simu ikiwa imezungushiwa kitambaa cheusi kuzuia mng'ao, halafu irudisheni kama ilivyo.

Mahali pa kuhifadhi ndipo watu wa mwambao tunapokosea. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu, na kasha lililoegemezwa hapo huota ukungu masika yote. Tumieni sanduku la plastiki ngumu lenye kifuniko, liinuliwe sakafuni kwa sababu ya mchwa, mbali na ukuta wa nje na mbali na jikoni. Lifungueni likaguliwe wakati wa kaskazi, Januari au Februari, hewa ikiwa kavu.

Daftari likiwa na matundu ya wadudu, litieni ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toeni hewa, fungeni barabara, liwekeni kwenye friza wiki mbili. Likitoka, msifungue mfuko kwa saa 24. Mkifungua mapema, maji yatatua juu ya karatasi badala ya juu ya mfuko.

Utepe_na_Nyota

Medali zisisuguliwe kwa Brasso, wala ndimu na majivu kama tunavyosafisha sinia za shaba. Asidi inakula herufi. Kitambaa kikavu cha pamba kinatosha. Utepe wa zamani ubaki hata ukiwa matambara, maana ndio unaosaidia kutambua medali. Msizitie kwenye vimfuko laini vya plastiki vyenye harufu. Humo shaba huota kijani.

Zisomeni hivi. Nyota ya ncha sita ya madini ya manjano ina jina lake limeandikwa kuzunguka duara la kati. Ikisema Burma, utepe wake una mstari mpana mwekundu katikati, na kila upande buluu iliyoiva yenye mstari wa rangi ya machungwa. Nyota ya 1939–1945 ina mistari mitatu sawa: buluu iliyoiva, nyekundu, buluu ya mbingu. Ya mviringo, ya rangi ya fedha, yenye simba amesimama juu ya joka ni Medali ya Vita. Hiyo walipewa wengi, hata wasiofika mstari wa mbele.

Kwenye cheti angalieni kwanza herufi za kikosi. Tumezoea kumwita kila askari wa wakati ule Keya, lakini Keya hasa ni K.A.R. (King's African Rifles). Mkikuta E.A.A.S.C., alikuwa wa uchukuzi, huenda dereva. E.A.A.M.C. ni matibabu, E.A.E.M.E. ni mafundi wa magari na umeme. Hilo litabadilisha maswali yenu yote, kwa kuwa dereva atakumbuka barabara, madaraja na vipuri kuliko mapigano.

Kwenye ile picha tazameni mabega. Kichwa cha kifaru ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Hao walifanya mazoezi Ceylon (Sri Lanka ya leo), wakaingia Burma 1944, wakateremka bonde la Kabaw katikati ya mvua na malaria, wakavuka mto Chindwin pale Kalewa mwezi Desemba. Mzee akitaja meli iliyozama njiani kutoka Mombasa kwenda Colombo, huenda ni Khedive Ismail, iliyopigwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944. Walikufa watu 1,297, wakiwemo askari wetu wengi wa mizinga. Hapo mwacheni apumue, msimharakishe.

Msikilizaji

Nami naongeza upande wa mazungumzo, maana vitu vitangoja kidogo lakini mzee hangoji.

Kaeni naye asubuhi baada ya chai, dakika 30 hadi 40 tu, siku mbili au tatu kwa wiki. Muulizaji mmoja, akae upande wa sikio la kulia, uso wake uonekane, aseme polepole kwa sauti nzito. Ukipaza sauti nyembamba hasikii vizuri zaidi. Zimeni pangaboi na redio. Simu iwe kwenye hali ya ndege, juu ya kanga iliyokunjwa, shibiri mbili kutoka kinywani. Kila faili ianze kwa kutaja tarehe, mahali na waliopo. Saa moja ya sauti ya WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya mkondo mmoja hula kama MB 320. Siku hiyo hiyo nakilini sehemu mbili, moja iwe nje ya nyumba hiyo.

Msianze na vita. Anzeni na nyumba aliyozaliwa: nani alilala chumba gani, maji yalitoka kisima gani, chuoni alisomeshwa na nani. Mtu akishaingia nyumbani kwao, mengine humfuata yenyewe. Halafu vita vimechukua miaka michache tu, na ubaba umechukua zaidi ya sabini. Wengi huandika kurasa arobaini za Burma na nusu ukurasa wa watoto tisa. Muulizeni mshahara wa jeshi alimwandikia nani nyumbani apokee, ulitumika kwa nini, mahari ya bibi ilipatikana vipi, na kazi yake ya kwanza baada ya kuvua sare.

Msimuulize "mwaka gani". Mpeni vigingi vya kufungia kumbukumbu: Malindi kupigwa mabomu na ndege za Waitaliano ni 1940, mafuriko makubwa ni 1961, uhuru Desemba 1963, daraja la Kilifi 1991, kabla yake ni feri. Kwa Mwislamu kuna kigingi bora zaidi. Akikumbuka kufunga kwenye matope ya Burma, Ramadhani ya 1944 ilianza yapata tarehe 20 Agosti. Na Wajapani walipotia saini ya kusalimu amri, 2 Septemba 1945, ilikuwa Ramadhani tena, Idi imebakia wiki moja hivi. Mzee anayesema "vita viliisha tukiwa tumefunga" hajakosea.

Mtakapoandika, maneno yake ya kijeshi yaacheni. Kikeya kilikuwa Kiswahili chao cha kambini. Akisema "effendi" msigeuze kuwa "ofisa". Saa moja ya sauti itawachukua saa tano au sita kuiandika, basi gawaneni kazi wajukuu.

Mjukuu_Malindi

Mwenyezi Mungu awalipe. Herufi ni E.A.A.S.C. kweli, na bega moja lina kifaru! Mawili yanatutatiza. Babu anasema aliingia 1941, cheti kinasema 1942, na jina limeandikwa vingine. Pia kuna mtu anaomba cheti halisi na pesa ya "faili", eti atafuatilia fidia Uingereza.

Karani_wa_Makaratasi

Huyo msimpe cheti wala senti. Nakala inatosha kwa shughuli yoyote ya mwanzo.

Jina liliandikwa na karani kwa kadiri sikio lake lilivyosikia, kwa hiyo tafuteni kwa namba ya jeshi, si kwa jina. Kumbukumbu za kila siku za vikosi vya Burma ziko hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, kundi la WO 172. Askari wa kawaida hatajwi mara nyingi, ila mtapata kikosi chake kilikuwa wapi tarehe gani.

Kuhusu mwaka, muulizeni kama kabla ya kuandikishwa alifanya kibarua cha jeshi. Andikeni vyote viwili, "mwenyewe asema 1941, cheti chasema 1942". Msimbishie mbele ya watu.

Msikilizaji

Na daftari la bibi: tarehe za Kiislamu zikigeuzwa zinaweza kupishana siku moja, kwa sababu siku yetu huanza magharibi. Mtoto aliyezaliwa "usiku wa kuamkia Ijumaa" kwa Kizungu ni wa Alhamisi kama ilikuwa kabla ya saa sita usiku. Msomeeni babu ukurasa mmoja mmoja, kinasa sauti kikiwa wazi. Kila jina la mtoto litamtoa kisa.