Ukitubu, lazima urudishe ulichoiba?

Mdau_wa_Kilosa: Wakuu naombeni msaada, kuna jamaa alinipiga hela ya shamba, sasa ameokoka anasema Mungu keshamsamehe yameisha. Yameisha vipi wakati hela yangu hajarudisha? Mbona yule mwizi msalabani hakulipa chochote akaambiwa leo hii utakuwa nami peponi?

mama_K: Pole ndugu yangu. Yule mikono imepigiliwa misumari angelipa na nini? Huyo wako ana mikono. Asome Luka 19, Zakayo yule mtoza ushuru alitoa nusu ya mali kwa maskini na aliowadhulumu akawalipa mara nne, na hakuna aliyemdai pale, furaha tu ya kutembelewa na Yesu.

fundi77: Ila mama_K tusigeuze rehema kuwa mkopo. Yuda alirudisha vipande 30 vyote vya fedha alivyolipwa kumsaliti Yesu, akaenda kujinyonga. Petro alimkana Yesu mara tatu, akalia, akarudi. Kwahiyo hela peke yake sio toba.

mama_K: Sijasema ndo toba, nimesema ni matunda yake. Yohana Mbatizaji aliwaambia hivyohivyo, watoza ushuru wasitoze zaidi ya walichopangiwa.

Mdau_wa_Kilosa: Asanteni, namtumia Luka 19 sasa hivi. Mara nne sitaki, anirudishie yangu tu 😂