Opsheni ya Nairobi au kuuza moja kwa moja Kampala?

Mtoto_wa_Reli: Salaam wote. Nina kitabu kuhusu maisha ya kota za reli Tororo kabla Jumuiya haijavunjika 1977. Ni mambo ya kweli, si riwaya. Wawili wanakitaka kwa filamu. Wa Nairobi anataka opsheni ya miezi 18, yaani nimwekee haki nisimuuzie mwingine, hela kidogo sasa, nyingine wakianza kupiga picha. Wa Kampala ananunua haki zote, milioni 8 taslimu. Ijumaa natakiwa kujibu.

Wakili_wa_Barazani: Ndugu, la muhimu umeliacha. Kitabu kachapisha nani? Mkataba wake unasemaje kuhusu filamu? Usije ukauza mbuzi wa jirani.

Hajati_Arua: Na hiyo "kidogo" ni ngapi?

Mtoto_wa_Reli: Laki 9. Nilichapisha mwenyewe.

Wakili_wa_Barazani: Basi opsheni. Wanalipia kungojewa tu. Muda ukiisha hawajanunua, haki zinabaki kwako. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inakupa umri wako wote na miaka 50 baada ya kufa. Uyatoe yote hayo kwa bei ya bodaboda?

Msela_Jinja: Opsheni imeniunguza. 2017 nilisaini ya kumbukumbu za mama, alikuwa muuguzi. Walikuja na gari la maana, wakala matoke yake, wakamwita "shujaa". Mwaka ukapita kimya. Nikapiga simu, naambiwa wamejiongezea mwaka, kumbe mkataba unawaruhusu, bure! Katikati akatokea mnunuzi mwenye hela kamili, nikashindwa kumuuzia. Mama kafariki 2020, hata kamera hakuiona. Chukua milioni 8 zako, mdogo wangu.

Hajati_Arua: Pole sana. Lakini kilichokuunguza ni ule mstari wa nyongeza. Nyongeza ilipiwe, na iwe moja.

Kijana_Wakaliga: Kwani lazima kuuza? Huku kwetu filamu zinatengenezwa uani.

Hajati_Arua: Treni utaiweka uani kwa nani? Habari ya Phiona wa Katwe, yule binti wa mchezo wa chesi, ilianza makala ya jarida, ikawa kitabu 2012, Disney wakaitoa filamu 2016. Na pamoja na hela zote hizo, sehemu nyingine walipigia Johannesburg.

Kijana_Wakaliga: Ndiyo maana nasema tujitengenezee!

Msela_Jinja: Mimi nauliza lugha. Wa Kampala atawazungumzisha Kiluganda watu wote. Kota za reli bila Kiswahili?

Kijana_Wakaliga: Kiluganda kimekukosea nini?

Wakili_wa_Barazani: Hayo baadaye. Mwenye mada, watu uliowataja kwa majina wamekubali kuonyeshwa?

Mtoto_wa_Reli: Wengi, ndiyo. Yupo mzee mmoja, nimeandika alivyokuwa akiuza dizeli ya injini usiku. Yeye marehemu, watoto wapo.

Wakili_wa_Barazani: Sasa ndiyo unasema!! Usisaini popote kabla hujaonana nao.

Dereva_Malaba: Samahani, mimi huwa nasoma tu. Huyo mzee wa dizeli, alikuwa na jino la dhahabu?