Mwanariadha wangu hapandi ndege bila mimi, naombeni ushauri

Mnyoosha Mgongo: Wakuu salaam. Mimi ni kiropraktiki, yaani natibu mgongo kwa kuunyoosha kwa mikono, nipo Arusha. Nina mteja, binti wa mbio ndefu. Kila wiki ya mashindano kiuno kinamkaza, usingizi hapati. Nikimnyoosha, mgongo ukalia "ka!", anashuka kitandani anacheka. Sasa ana mbio nje ya nchi na anataka niende naye. Hivi sisi watu wa mgongo tunamsaidiaje mwanariadha kisaikolojia?

Bibi Mbuyuni: Magodoro ya siku hizi hayo! Nimelalia kitanda cha kamba hadi nimepata wajukuu.

Raba Mbovu: Mimi nilipokuwa nakimbia, asubuhi ya mbio tumbo lilikuwa linaniendesha. Kocha akasema maharage. Maharage sili! Simbu, Mtanzania wetu wa marathoni, alichukua dhahabu ya dunia Tokyo 2025 kwa sekunde 0.03, baada ya kilomita 42. Pale ni kichwa tu mkuu.

Dada Fizio: Picha za mgongo zinasemaje?

Mnyoosha Mgongo: Ziko safi.

Dada Fizio: Sasa unanyoosha nini?

Mnyoosha Mgongo: Samahani, nilibanwa na kazi. Ukweli, kwa miezi sasa hakuna ninachonyoosha. Ule mlio ni gesi tu kwenye ute wa kiungo, najua. Ila akiusikia analala. Kumtuliza mtu nayo dhambi? Na tiketi nimeshakata, hela yangu mwenyewe.

Mtumishi: Binti, kitanda, tiketi. Yusufu aliacha vazi akakimbia, ndugu yangu.

Dada Fizio: Umemzoesha kuamini mgongo wake ni mbovu mpaka uuguse. Siku ukiugua wewe? Mwambie mgongo ni mzima, na kwamba hadanganyi anaposema unauma, hofu inakaza misuli kweli. Halafu nyamaza umsikilize: analala, anakula, bado anapenda kukimbia? Wewe ndiye unayemwona kila wiki, kocha anaona saa ya kukimbia tu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ina kipimo cha afya ya akili ya wanariadha, SMHAT-1, kinaanza na maswali 10. Hicho mwachie daktari wa michezo, wewe mfikishe kwake.

Mnyoosha Mgongo: Nikimwambia leo si nitamharibia mbio?

Kijiwe Boy: Wakuu, hii chai, tena ya maziwa. Mwezi wa sita huyu huyu alikuwa fundi friji, anauliza gesi inauzwa wapi. Mgongo kasomea lini?

Mnyoosha Mgongo: Akaunti natumia na shemeji.

Raba Mbovu: Gesi ya friji, gesi ya mgongo 😂

Bibi Mbuyuni: Huyo shemeji yuko wapi? Langu haligandishi tangu Pasaka.

Mnyoosha Mgongo: Mama, nimemwambia akucheki inbox.

Dada Fizio: Na binti?

Mnyoosha Mgongo: Anakuja kesho saa kumi. Tiketi wamesema hairudishwi.