Altezza kuwekwa injini ya turbo: kadi ibadilishwe kwa namba ya injini tu, au gari zima likaguliwe kwanza?

MLETA MADA

Wakuu, hoja yangu naiweka mwanzoni ili anayetaka kunipinga ajue pa kunishika. Mtu akitoa injini isiyo na turbo kwenye gari la spoti akapachika yenye turbo (kifaa cha kuishindilia injini hewa ili iongeze nguvu), asibadilishiwe kadi ya gari mpaka gari zima likaguliwe. Kusoma namba ya injini hakutoshi. Sisemi azuiwe kubadilisha.

Gari ninalolijua ni Toyota Altezza RS200, kwa sababu ninalo. Lilitoka Japani mwaka 1998 na injini ya 3S-GE, lita 2, haina turbo, na kwa giaboksi ya mkono inatoa hosipawa 210. Vijana wengi huitoa wakaweka 1JZ-GTE, lita 2.5, silinda sita, turbo, ile ya Toyota Mark II na Chaser. Hiyo kwenye karatasi ni hosipawa 280. Langu nililibadilisha miaka mitatu iliyopita, na kadi nikabadilishiwa bila shida. Mkaguzi aliinua boneti, akamulika namba ya injini kwa tochi, akaandika, akafunga boneti. Breki sikuulizwa, giaboksi sikuulizwa.

Miezi michache baadaye nilikuwa nateremka Kitonga natokea Iringa, mke wangu kando, mwanangu kiti cha nyuma. Mnaoijua Kitonga mnajua: ukipita lori unakuta jingine. Nakanyaga mafuta kulipita hili, nakanyaga breki nyuma ya lile. Baada ya kona kadhaa pedali ikalainika kama nakanyaga sifongo, kisha ikazama hadi chini. Nikashusha gia ya tatu, ya pili, handibreki nikaivuta kidogo kidogo, nikaliburuza gari ubavu kwenye ukingo wa upande wa mlima mpaka likasimama. Hakuna aliyeumia. Lakini lori lililokuwa mbele yangu lilikuwa na watu wamekaa juu ya mzigo. Hao ndio wanaonijia kichwani kila nikimsikia mtu akisema "gari langu, injini yangu, ninyi inawahusu nini".

MDAU WA TANGA

Pole sana mkuu, wewe na familia. Mimi naanzia nyuma kidogo: hiyo 3S-GE uliitoa kwa kosa gani? Altezza lilitwaa tuzo ya gari la mwaka huko Japani, msimu wa 1998 na 1999, likiwa na injini hiyohiyo. Mhandisi wake mkuu, Nobuaki Katayama, alijenga gari dogo linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ambalo dereva analisikia mikononi. Nguvu yake iko juu, kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, na unaifuata huko kwa gia sita. Watu wanabadilisha gia kwenye 4,000 halafu wanasema gari halikimbii. Ukipachika chuma cha silinda sita, pua inakuwa nzito, na ule wepesi wa kuingia kona uliolipia unaondoka. Anayetaka Chaser anunue Chaser.

MDAU WA NAIROBI

Ndugu yangu wa Tanga, wewe uko baharini. Panda huku na hiyo gari yako uone. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo tu, kwa hiyo hizo 210 zako huku zinabaki kama 170. Eldoret zinapungua tena. Turbo inashindilia hewa ndani ya silinda, ndiyo maana mlimani haiishiwi pumzi haraka. Mwaka 1994 Ian Duncan, Mkenya mwenzetu, alishinda Safari Rally kwa Toyota Celica yenye 3S-GTE, ndugu wa damu wa 3S-GE yako, lita 2 zilezile, ila ina turbo. Kwa hiyo msituambie turbo ni ulimbukeni wa vijana.

Kuna na jambo lingine. Kwetu gari iliyozidi miaka minane haiingizwi nchini, na Altezza za mwisho ni za 2005. Zilizopo ndizo hizo. Injini ikifa, mwenye gari anatafuta iliyo nzima, na iliyo nzima mara nyingi imetoka kwenye nosikati, yaani nusu ya mbele iliyokatwa, ya Mark II.

Kuhusu ukaguzi naunga mkono. Huku ukibadilisha injini unapaswa kupeleka gari ikaguliwe na NTSA, mamlaka yetu ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya logibuku, yaani kadi ya gari, kubadilishwa. Ningependa breki na giaboksi viandikwe kwenye fomu hiyo kwa majina, asibaki mtu wa kukisia.

FUNDI, GEREZANI

Injini hizi nimezifunga nyingi hapa Gerezani, Dar es Salaam, niacheni niseme kama fundi.

Kaka wa Nairobi, hiyo 3S-GTE ya Celica imekaa kwa upana, na injini ya Altezza inakaa kwa urefu. Ukiihamisha, bomba za turbo, za hewa na za maji unazitengeneza upya, na kila unapochomelea ni mahali pa kuvuja. 1JZ ilikaa kwa urefu tangu kwenye Mark II, na Altezza AS200 ilitoka kiwandani na silinda sita, kwa hiyo nafasi ipo. Ndiyo sababu mnaiona mara nyingi.

Wapo wanaokuja na turbo mkononi wanataka niifunge kwenye 3S-GE yao hiyohiyo. Nakataa. Uwiano wake wa mgandamizo ni 11.5 kwa 1, wakati 3S-GTE ya Celica ya mwisho yenye turbo ni 8.5 kwa 1. Silinda inayobana namna hiyo ukiizidishia hewa, mafuta yanawaka kabla ya wakati wake na pistoni inapigwa ikiwa bado inapanda. Hapo sijagusa petroli yenyewe. EWURA, wasimamizi wa nishati, walianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu watu walikuwa wanachakachua kwa mafuta ya taa. Petroli ya aina hiyo kwenye injini ya kawaida unaisikia ikilalamika. Kwenye yenye turbo unaweza usisikie kitu, ukaja kushtuka imeshanoki.

Halafu acheni kuhesabu hosipawa tu. Tazameni torki, yaani nguvu ya kuzungusha. 3S-GE inatoa nyutoni mita 216, na unazipata kwenye mizunguko 6,400. 1JZ ya toleo la VVT-i inatoa 378, na unazipata kwenye 2,400. Yaani unatoka tu kwenye taa, hujafikia hata mwendo, klachi, giaboksi na difu vimeshabebeshwa mzigo ambao havikujengewa. Mteja akisisitiza kubaki na giaboksi ya Altezza namweleza mapema kuwa meno yatakatika.

Sasa, mleta mada, utaniwia radhi. Breki zako 1JZ haikuziua peke yake. Mafuta ya breki yanafyonza unyevu wa hewa. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya, kiwango kinataka yasichemke chini ya nyuzi 230. Yakishanywa maji, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Mara ya mwisho uliyabadilisha lini? Na ukaguzi unaoudai usingekuokoa. Gari lako lingepandishwa kwenye roli za kupimia breki likiwa baridi, na lingefaulu. Breki inayochoka kwa joto huwezi kuiona pale.

MLETA MADA

Fundi, umenishika penyewe. Sikuwahi kuyabadilisha. Nilinunua gari nikayakuta, na gereji iliyofunga injini iliniambia breki zinatosha, nami nikaridhika kwa sababu nilitaka kuliwasha.

Lakini lisikilize na hili. Kabla ya 1JZ nilikuwa nimeteremka Kitonga mara nyingi kwa mafuta hayohayo. Kilichobadilika ni kasi niliyokuwa naifikia kati ya lori na lori. Gari la uzito uleule likienda 140 lina nishati karibu mara mbili ya likienda 100, na nishati hiyo yote inaishia kwenye diski ikiwa joto. Mafuta yalikuwa mabovu tangu zamani. Injini ikaja ikaongeza kuni.

Kwa hiyo narekebisha. Roli peke yake sizitaki. Mkaguzi aone mafuta ya breki yamepimwa maji au yamebadilishwa, aone unene wa diski na pedi, giaboksi na difu vilivyofungwa ni vipi, na bomba za petroli zimepita wapi.

MDAU WA MBEYA

Napinga, na napinga kwa nia njema. Kila mlango mpya wa ukaguzi una mkono nyuma yake unaosubiri kitu kidogo. Aliyefuata taratibu ndiye atakayezungushwa. Aliyejificha ataendelea na kadi ya lita 2 mpaka siku gari litakapokufa. Kazi ya kubadilisha kadi sasa ni nyepesi, angalau watu wanakwenda. Mkiifanya ngumu hawatakwenda, na askari akikuta namba ya injini haifanani na kadi, linaanza suala la gari la wizi kwa mtu aliyenunua injini yake kihalali.

DADA WA BIMA

Kaka wa Mbeya, hata sasa wengi hawaendi. Mimi kazi yangu ni bima, na nawaona wanapokuja na madai.

Mkataba wa bima unasimama juu ya kile ulichoeleza. Ukikata bima kubwa ukaandika lita 2 bila turbo, halafu kwenye ajali ikakutwa 2.5 yenye turbo, umeipa kampuni sababu ya kukataa. Kwa bima ndogo, aliyegongwa anaweza kulipwa, kisha kampuni ikakugeukia wewe uirudishie. Nimekaa mezani na baba mmoja aliyekataliwa dai kwa injini ambayo hakuiweka yeye. Alilinunua gari likiwa hivyo, kadi ikisema vingine, na hakujua kusoma namba za injini. Alinisikiliza hadi mwisho, akakunja karatasi zake, akaniuliza kama kuna mtu wa juu yangu anayeweza kumwona. Huyo ndiye ninayemtetea hapa, mnunuzi wa pili.

MLETA MADA

Kuhusu kitu kidogo, hofu yako Mbeya ni ya kweli na sina jibu la kuimaliza. Ninachopendekeza ni hiki: fundi aliyefunga injini aandike karatasi ya alichofunga na alichokikuta, kuanzia breki hadi difu, aweke jina na sahihi, na risiti zibandikwe. Mkaguzi kazi yake iwe kulinganisha karatasi na gari. Hapo nafasi ya kumzungusha mtu inapungua, na gereji inayosema "zinatosha" itaisema kwa maandishi.

FUNDI, GEREZANI

Sahihi nitaweka. Ila iandikwe na tarehe na presha ya turbo nilivyoiacha. Mteja anaondoka kwangu leo, kesho anampa kijana mwenye kompyuta aongeze presha kwenye kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, na wiki ijayo injini inarudi imetoboka pistoni. Siwezi kubeba kazi ya mtu mwingine.

MDAU WA TANGA

Na magari yaliyokwisha kubadilishiwa kadi kwa tochi? Hayo yamo barabarani leo.

MLETA MADA

Langu likiwamo. Fundi, Jumamosi asubuhi nalileta Gerezani. Yapime mafuta ya breki, angalia difu, usinifiche kitu, kisha uandike na kutia sahihi. Karatasi hiyo nitaipeleka kule nilikobadilishiwa kadi, hata kama hakuna aliyeiomba.