Rangi ya sebule imebambuka Kibokoni na mteja amezuia salio: naomba ushauri

Mpambaji_Mvita

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Mimi ni mpambaji wa nyumba hapa Mombasa, na kwa miaka sita sasa kazi zangu zimekuwa katika maghorofa mapya ya Nyali na Bamburi. Mwezi wa Januari nilipata kazi yangu ya kwanza Mji wa Kale, sebule ya chini katika nyumba ya mawe ya matumbawe huko Kibokoni. Mwenye nyumba ni rafiki wa mama yangu tangu usichana wao, nami humwita mama mkubwa, na hiyo ndiyo sababu sikuandikishana naye chochote. Alikuwa akijiandaa kumwoza bintiye, akataka sebule ifanane na zile alizoziona kwenye simu: kuta za kijivu zinazong'aa, dari ya jipsamu yenye taa zilizofichwa, kiyoyozi, na vile vidaka vinne vya ukutani, yaani vishimo vya kuwekea vitu, vizibwe kwa kuwa, kwa maneno yake, ni makao ya mavumbi. Tulikubaliana kwa shilingi 420,000. Alinipa arbuni ya 250,000, na salio la 170,000 lilikuwa lilipwe baada ya harusi.

Harusi ilifanyika mwisho wa Februari na wageni waliisifu sebule. Masika yalipoingia rangi ikaanza kufura, na kufikia mwisho wa Mei ikawa inabambuka. Jumamosi iliyopita nilikwenda kutazama kwa macho yangu. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno rangi imeachana na ukuta kama ganda la kitunguu, na nilipopitisha kidole kilitoka na unga mweupe mithili ya chumvi. Juu ya kiuno rangi ni salama, haina hata alama. Ukuta ulioathirika zaidi ni ule unaopakana na kichochoro. Kuta nyingine zina mabaka machache tu.

Mama mkubwa anasema kwamba hatalipa salio, na kwamba ni lazima nipake upya kwa gharama yangu. Fundi wangu wa rangi naye anaapa kuwa alipaka tabaka la kuzuia maji na juu yake mikono miwili ya rangi ya mafuta, tena ya bei ghali, na kweli mimi nilikuwepo. Naomba kusaidiwa katika mambo mawili: kosa ni la nani, na nitamkabilije kwa habari ya pesa mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto?

Kijana_wa_Tudor

Paka tena umalize, dada. Mji huu habari hufika Marikiti kabla hujafika wewe.

Fundi_Chokaa

Dada yangu, nakuomba usipake tena, maana ukipaka hivi sasa utakuwa umenunua ugomvi wa pili kwa pesa zako mwenyewe.

Huo unga mweupe ni shura. Majumba ya Mji wa Kale yalijengwa kwa matumbawe na chokaa, bila tabaka lolote la kuzuia unyevu kwenye msingi, kwa hiyo ukuta huyanyonya maji ya ardhini kama utambi wa kandili unavyonyonya mafuta ya taa. Maji hupanda mpaka yanapofika mahali ambapo hewa huyakausha upesi kama yanavyopanda, na ndiyo maana mabaka yako yamekomea kiunoni. Maji hayo yamebeba chumvi, na yanapokauka chumvi hubaki. Plasta ya chokaa ina vinyweleo, hivyo unyevu hutoka kidogo kidogo bila mtu kuutambua, na wazee walikuwa wakikung'uta shura na kupaka chokaa nyingine, mambo yakaisha. Ukiuziba ukuta kwa rangi ya mafuta, maji hukosa pa kutokea, chumvi ikaganda nyuma ya rangi na kuisukuma mpaka ikaachia. Nikuambie jambo litakalokuudhi: rangi yako ghali ndiyo iliyokuponza, kwa sababu ni rangi nzuri na imeziba vizuri.

Nashuku pia kuwa chini ya rangi kuna plasta ya saruji iliyopigwa na mtu miaka iliyopita. Gonga ukuta kwa ufunguo. Chokaa hutoa mlio mzito, saruji hutoa mlio mkali, na pale saruji ilipoachana na jiwe utasikia kama unagonga debe tupu. Kisha chukua kipande cha nailoni safi, ukibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni jasho la hewa tu. Mwisho toka nje uangalie kichochoro, kwa maana ukuta mmoja hauwezi kuharibika kuliko wenzake bila sababu. Tazama mfereji, bomba la jirani, na kama ardhi ya nje imeinuliwa kwa kabro, yale matofali ya kutandika chini, ikapita usawa wa sakafu ya ndani.

Bi_Kizingo

Mimi si mpambaji bali ni mteja niliyewahi kuumia, kwa hiyo mnivumilie. Mpambaji niliyempa kazi ya jikoni alikubali kila nilichosema. Nilitaka makabati ya MDF, zile mbao za unga wa miti ulioshindiliwa, niliyoyaona kwenye picha, akayaleta, na kabla ya mwaka kwisha mbao za chini ya sinki zilikuwa zimevimba kama mkate uliolowa chai. Nilipolalamika aliniambia, "Lakini wewe ndiye uliyeyataka." Ni kweli niliyataka. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Ningejuaje tabia ya MDF katika hewa yetu ya pwani? Nilimlipa ajue kwa niaba yangu.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya kuuliza kosa ni la nani, jiulize kama siku ile ya kwanza ulimwambia huyo mama kwamba nyumba yake si kama nyumba za Nyali. Kama hukumwambia, salio hilo usilidai lote.

Kalamu_ya_Ganjoni

Nitasema upande wa sheria kwa ufupi, ingawa sidhani kama unauhitaji sasa. Mapatano ya mdomo ni mapatano, na ujumbe wa simu, hata wa sauti, unaweza kutumika kama ushahidi ukiambatana na cheti kinachotakiwa kwa kumbukumbu za kielektroniki. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja husikilizwa na Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambako unaweza kujisimamia bila wakili na hukumu inatakiwa kutolewa ndani ya siku 60. Lakini mahakama ikikuuliza kama ulikagua ukuta kabla ya kuupaka, utajibu nini? Usizifute jumbe zako, kisha umtangulize mtu mzima wa kuwapatanisha.

Na jambo la pembeni: Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na ukarabati wa majumba yake huangaliwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Siku nyingine kabla ya kuziba vidaka, uliza kwanza.

Mpambaji_Mvita

Nimerudi, na nimerudi na aibu.

Nailoni ilitoa matone upande wa ndani, kama Fundi alivyotabiri. Nilipogonga kwa ufunguo, ukuta wa kichochoro ulilia kama debe kutoka mlangoni hadi dirishani, kwa hiyo saruji ipo na imeachia. Hayo si yangu, niliyakuta, ingawa nakiri kwamba sikuyatafuta.

Kisha nikatoka nje. Bomba la maji ya kiyoyozi, lile dogo jeupe, lilitobolewa kuelekea kichochoroni na kukatwa likiwa shibiri moja tu kutoka ardhini, mdomo wake ukiutazama ukuta wenyewe. Jiwe la chini lilikuwa limeota ukungu wa kijani. Niliweka ndoo ya lita 20 saa tatu asubuhi, na adhana ya alasiri ilipolia ilikuwa imepita nusu. Kiyoyozi hicho kimewashwa mchana kutwa tangu harusi, na aliyemleta fundi wa kukifunga ni mimi.

Sasa sijui kama nina uso wa kudai hata shilingi.

Fundi_Chokaa

Unao, kwa sababu bomba lako halikuanzisha shura kwenye kuta nyingine tatu, bali limeuzidishia maradhi huo mmoja. Lirefushe leo hii mpaka kwenye mfereji.

Halafu bandua plasta ya saruji kuanzia sakafuni hadi nusu mita juu ya mahali mabaka yalipokomea. Shura uikung'ute kwa brashi kavu na kuizoa. Usiioshe kwa maji, maana utaiyeyusha na kuirudisha ukutani. Uache ukuta wazi wakati huu wa kusi. Jiwe nene kama lile halitakauka lote, wala halihitaji, kwa kuwa chokaa itaendelea kuliacha lipumue. Kufikia Septemba piga plasta ya chokaa na mchanga kwa tabaka nyembamba, ukiipa kila moja nafasi ya kushika, na uifunike kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke kwa haraka na kupasuka, kwa sababu chokaa hukomaa kwa hewa taratibu na haitaki kukimbizwa. Kaskazi ikianza, paka chokaa nyepesi mikono minne au mitano. Kijivu chake atakipata kwa kuchanganya rangi za udongo, ila hakitang'aa, na hilo umwambie mapema.

Dari ya jipsamu nayo ikate kidirisha karibu na ukuta ili uweze kuona vichwa vya boriti za mkoko. Mkoko ni mti mgumu, lakini kichwa kinacholala katika jiwe lililolowa huoza kimya kimya, na ulipoifunika dari uliondoa jicho pekee la kumwonya mwenye nyumba.

Mzee_wa_Mapazia

Nimepamba nyumba za watu tangu enzi za kushonesha mapazia Barabara ya Biashara, na sijawahi kuona mteja mgumu kama ndugu au rafiki wa mama. Mtu wa mbali utampa hesabu iliyoandikwa bila kuona haya, ilhali wa karibu unamwonea haya, na haya hizo ndizo huzaa ugomvi.

Mimi sasa sianzi kazi bila kwenda kuitazama nyumba mara mbili, asubuhi na jioni, na ikiwezekana baada ya mvua. Ada ya ukaguzi na michoro nailipisha peke yake, hata kama kazi yenyewe haitafanyika, kwa sababu hapo ndipo ujuzi wetu ulipo. Anayeificha ada hiyo ndani ya bei ya sofa ndiye anayeogopa kumwambia mteja kwamba sofa haifai. Malipo huyagawa matatu, na la mwisho huwa dogo kiasi kwamba likizuiwa halitanivunja. Wewe uliacha asilimia 40 mikononi mwa mama mwenye harusi! Na mteja akisisitiza jambo nililomkataza, nalifanya kama si la hatari, lakini namwandikia ujumbe: "Nilikushauri hivi, umechagua vile, na haya ndiyo yanayoweza kutokea." Wateja wengi wakisoma sentensi hiyo hubadili mawazo wenyewe.

Kuhusu mama mkubwa, nenda na mama yako, na uanze na kosa lako kabla ya lake.

Mpambaji_Mvita

Nilikwenda jana baada ya alasiri, mimi na mama. Nilianza na bomba. Nilimwonyesha ile ndoo, nikamweleza kwamba hilo ni langu, na kwamba nilikosea pia kuichukulia nyumba yake kama ghorofa la Nyali. Ndipo nikamweleza habari ya saruji na shura. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Marehemu alikuwa akipaka chokaa kila mwaka kabla ya Ramadhani, nami nilidhani ni ubahili." Ilionekana kwamba saruji aliipigisha yeye, mwaka mmoja baada ya mumewe kufariki, akifurahia kuwa sasa hatahangaika tena na chokaa.

Tumekubaliana hivi. Kubandua plasta, kurefusha bomba na ujira wa ukuta wa kichochoro ni juu yangu. Chokaa, mchanga na ujira wa kuta nyingine ni juu yake. Salio limepunguzwa kwa shilingi 60,000, na zilizobaki 110,000 atalipa nusu mwezi huu na nusu plasta itakapokamilika. Safari hii tumeandika katika karatasi mbili, na mama yangu ametia sahihi kama shahidi. Vidaka viwili vitafunguliwa, kwa kuwa amekumbuka kwamba kimoja ndicho kilichokuwa kikiwekwa Msahafu wa marehemu. Viwili vingine amekataa katakata, kwani runinga imetundikwa mbele yake, nami sikusukuma zaidi.

Fundi, je, chokaa niinunue sasa au nisubiri Septemba?

Fundi_Chokaa

Nunua sasa. Iloweke kwenye pipa, maji yaifunike kwa kiganja kizima, na ufunike pipa vizuri. Kadiri inavyokaa ndani ya maji ndivyo inavyozidi kulainika, na mwiko wako utakushukuru. Watoto wasiisogelee, na ukiikoroga vaa miwani, kwa maana huunguza macho.